Kubadili Shokapu za Gari la Chama Katika Ua Wetu Wenyewe

Msimu wa kununua pamba unapokaribia, viongozi wa vyama vyetu vya msingi hukagua mizani, hufagia ghala, huhesabu vitabu vya stakabadhi na kuhakikisha kwamba maturubali hayavuji. Gari la chama nalo hutazamwa: oili ya injini, maji, matairi na taa. Likiwaka na kuondoka, husemwa kwamba liko tayari. Lakini kipo kifaa kimoja ambacho hata kikifa kabisa hakizuii gari kuwaka wala kuondoka, na kwa sababu hiyo husahauliwa mwaka hadi mwaka. Kifaa hicho ndicho mafundi wetu wanachokiita shokapu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kazi hasa ya shokapu, jinsi chama kinavyoweza kuzibadili chenyewe katika ua wa ghala lake, na mahali ambapo fundi wa nyumbani hana budi kusimama na kumwachia kazi mwenye karakana. Tumeona vema kuyaandika kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba shokapu ni kitu cha raha ya msafiri tu. Sivyo. Shokapu ni sehemu ya breki na ya usukani, na kwa hiyo ni suala la uhai wa watu.

Tuchukue mfano wa chama chenye pikapu moja na ghala lililo nje kidogo ya Buhongwa. Buhongwa iko kando ya barabara kuu ya lami itokayo Mwanza mjini kwenda Usagara na kuendelea Shinyanga. Tangu Daraja la J. P. Magufuli, liitwalo pia Kigongo–Busisi, lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, gari likikata kona Usagara huvuka ziwa na kuelekea Sengerema na Geita bila kungoja kivuko. Hivyo dereva wetu huanza asubuhi katika njia za vumbi zenye mawe na mashimo, na mchana yuko kwenye lami, mwendo ni mkali na mabasi yako mbele na nyuma yake. Shokapu huuawa kwenye vumbi, lakini kifo chake huonekana kwenye lami, pale anapokanyaga breki ghafla.

KAZI YA SHOKAPU

Uzito wa gari na mzigo wake haubebwi na shokapu. Hubebwa na springi. Katika pikapu nyingi springi za nyuma ni mikanda ya chuma iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na za mbele huwa ni za chuma kilichozungushwa au za aina nyingine kufuatana na mtengenezaji. Gurudumu likigonga jiwe, springi hujikunja na kupokea nguvu ya pigo lile. Lakini springi haina subira. Ikishapokea nguvu huirudisha, gari hurushwa juu, hurudi chini, hurushwa tena, na lingeendelea hivyo kwa muda mrefu kama kisingekuwapo cha kulituliza.

Kitulizaji hicho ndicho shokapu. Ndani yake mna silinda iliyojaa oili, na ndani ya oili mna pistoni yenye vitundu vidogo na vali. Gari likipanda na kushuka, pistoni nayo hupanda na kushuka, na oili hulazimika kupenya katika vitundu vile. Kila aliyewahi kupiga kasia ziwani anaifahamu kanuni hii. Ukisukuma kasia taratibu, maji huliachia njia. Ukilisukuma kwa haraka, maji hukataa. Shokapu nayo huupinga sana mwendo wa ghafla na huupinga kidogo mwendo wa polepole. Nguvu ya springi hugeuka kuwa joto ndani ya oili, na joto hilo hupotelea hewani.

Sasa tuone kinachotokea shokapu ikifa. Gurudumu huanza kurukaruka juu ya barabara. Kila mara linapopaa, hata kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, tairi haliikamati barabara. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi lililokandamizwa barabarani. Dereva anaweza kuwa na breki mpya kabisa na gari lake likachelewa kusimama, kwa sababu gurudumu lililoko hewani halina cha kushika. Aidha, gari huinamisha pua linapofunga breki na huyumba upande kwa upande linapokata kona, na mzigo mrefu wa magunia huzidisha balaa hiyo.

FUNZO LA MASHINDANO YA SAFARI

Wazee wengi wanayakumbuka mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukali wa njia zake ulijulikana duniani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Shekhar Mehta, dereva aliyezaliwa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982.

Katika mashindano ya namna hiyo shokapu haziangaliwi kama kifaa cha kudumu milele. Kwenye barabara iliyofanya mikunjo kama bati, pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika, oili huchemka na kuchanganyika na hewa hata kufanya povu. Povu halina ukinzani wa oili. Pistoni hupita ndani yake kama inayopita katika upepo. Ndiyo maana shokapu nyingi za siku hizi hutiwa gesi ya naitrojeni yenye msukumo, ili oili isifanye povu upesi. Mafundi wa mashindano hukaa tayari kando ya njia wakiwa na shokapu mpya, nao huzibadili katika muda mfupi kisha gari likaendelea.

Funzo kwa chama cha msingi ni hili. Pikapu yetu haishindani na mtu, lakini njia zake ni za namna ile ile, na mzigo wake ni mzito zaidi. Kama wenye magari ya mashindano huhesabu shokapu kuwa kitu cha kuchakaa, sembuse sisi.

DALILI ZA SHOKAPU ILIYOCHOKA

Dereva au katibu anaweza kuzitambua dalili bila chombo chochote.

Kwanza, tazama mwili wa shokapu. Unyevu mwepesi sana wa oili karibu na fimbo si ajabu. Lakini ikiwa oili imetiririka na kushika vumbi zito, muhuri umekwisha na shokapu haina tena kazi.

Pili, pitisha kiganja juu ya matairi. Tairi linalorukaruka huliwa kwa vibonde vibonde kulizunguka, halichakai sawasawa. Chama kinachonunua matairi mara kwa mara bila kujua sababu kichunguze hapo.

Tatu, likandamize gari kwa nguvu kwenye pembe moja kisha uliachie. Likipanda na kutulia, ni dalili njema. Likiendelea kunesa, shokapu imechoka. Hata hivyo jaribio hili lisitegemewe peke yake kwa upande wa nyuma wa pikapu, kwa kuwa springi za mikanda hukwaruzana zenyewe kwa zenyewe na huweza kuficha ubovu.

Nne, baada ya safari katika njia mbaya, gusa kila shokapu kwa uangalifu, ukianza kwa kuikaribisha mkono tu, maana inaweza kuwa ya moto. Zote zinapaswa kuwa na joto. Ile iliyo baridi wakati wenzake wana joto haikufanya kazi.

Tano, tazama mipira ya bushi juu na chini. Ikiwa imepasuka au imeliwa, utasikia mgongano wa chuma kila gari linapopita shimo.

KABLA YA KUANZA KAZI

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, yaani za kushoto na kulia za ekseli moja kwa wakati mmoja. Kuweka mpya upande mmoja na kuacha kuukuu upande wa pili ni kulifanya gari liwe na miguu miwili isiyolingana. Nalo litavuta upande litakapofungiwa breki.

Wakati wa kununua, taja aina ya gari, mwaka wake na namba ya chesisi. Chama kipate ankara kifani kutoka maduka matatu, kama ilivyo desturi yetu, lakini kisichague kwa bei peke yake. Kabla ya kulipia, linganisheni mpya na kuukuu: urefu ikiwa imevutwa, urefu ikiwa imekandamizwa, na namna inavyofungwa juu na chini. Shokapu fupi kuliko inavyotakiwa itang'oka au itapasuka gurudumu linaposhuka shimoni. Iliyo ndefu mno itagota mwisho wake na kuvunja kifungio.

Wako wanaonunua shokapu ngumu kupita kiasi ili waongeze magunia. Hilo ni kosa. Tumekwisha kusema kwamba mzigo hubebwa na springi, na kiasi cha mzigo kimewekwa na mtengenezaji wa gari. Shokapu ngumu haiongezi hata kilo moja.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: jeki nzima, stendi mbili za kuegemezea gari, kabari za magurudumu, spana za vipimo vinavyohusika, brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu. Jioni ya siku iliyotangulia, safisheni nati kwa brashi na kuzipaka mafuta hayo, yapate usiku kucha wa kupenya.

KAZI YENYEWE: SHOKAPU ZA NYUMA ZA PIKAPU

Tunaeleza za nyuma kwa kuwa katika pikapu nyingi zenye springi za mikanda hizo ndizo zinazofikika kwa urahisi, na springi hazihitaji kuguswa.

1. Teremsheni mzigo wote. Egesheni gari mahali tambarare na pagumu. Udongo wa mbuga, hata ukiwa umekauka, haufai, jeki huzama.

2. Tieni gia ya kwanza na kuweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Jambo hili lisipuuzwe. Katika pikapu nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Yakishanyanyuliwa, breki hiyo haishiki kitu, na gari hubaki kushikwa na kabari peke yake.

3. Nyanyueni gari na kulilaza chesisi yake juu ya stendi. Mji wetu umejaa miamba, na ni rahisi kushawishika kuokota jiwe. Jiwe si stendi, wala tofali si stendi. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na aliye chini ya gari hapati nafasi ya kutoka. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

4. Wekeni jeki chini ya ekseli, ikiigusa na kuibeba kidogo. Shokapu ikifunguliwa, ekseli hutaka kushuka, na ikishuka mno huvuta mpira wa breki. Mpira huo ukikatika au kuchanika, kazi ya asubuhi moja imezaa ajali ya jioni.

5. Fungueni nati ya chini, kisha ya juu. Mahali ambapo fimbo huzunguka pamoja na nati, ishikeni kwa spana ya pili kwenye ncha yake iliyochongwa. Msiishike kwa koleo fimbo ing'aayo. Mkwaruzo mmoja juu yake utachana muhuri. Hata kama shokapu hiyo ni ya kutupwa, ni vema mkono uzoee adabu hiyo kabla ya kushika iliyo mpya.

6. Shokapu mpya za oili zisimamisheni wima na kuzivuta na kuzikandamiza mara kadhaa mpaka zipinge sawasawa pande zote. Kwa njia hiyo hewa iliyoingia zikiwa zimelazwa dukani hutoka. Zile za gesi mara nyingi huja zimefungwa kwa mkanda, nazo hujifungua zenyewe kwa nguvu mkanda ukikatwa. Zifungeni kwanza upande wa juu, ndipo mkate mkanda na kuielekeza ncha ya chini mahali pake.

7. Tieni bushi mpya na washa zake kwa mpangilio ule ule wa mwanzo. Kazeni nati kwa kiasi tu, zisikazwe za mwisho.

8. Fanyeni vivyo hivyo upande wa pili. Kisha rudisheni gari chini, likae juu ya magurudumu yake yote.

9. Sasa ndipo mkaze nati kabisa, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Bushi ya mpira ikikazwa gari likiwa limening'inia, hushikwa katika hali isiyo yake. Gari likitua, mpira hubaki umejisokota siku zote na huchanika kabla ya muda. Usitie bomba katika spana ili kuongeza nguvu. Nati iliyokazwa kupita kiasi huumiza bolti na kuliponda bushi.

10. Ikiwa magurudumu yalitolewa, nati zake zikazwe kwa kukingamana, si kwa kuzunguka. Endesheni gari polepole uani, kisha barabarani, na kujaribu breki mahali pasipo watu. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kagueni tena nati zote.

Shokapu kuukuu zisitobolewe wala kukatwa kwa moto, kwa kuwa za gesi zina msukumo ndani yake. Oili inayovuja ikingwe katika chombo. Mitaro ya Buhongwa, kama mitaro yote ya mji wetu, mwisho wake ni ziwani, na maji hayo ndiyo tunayokunywa.

GARI DOGO LENYE KASI

Vijana wengi, na baadhi ya mameneja wetu, sasa wana magari madogo yenye injini za nguvu, nao huuliza kama kazi hii yaweza kufanyika nyumbani vivyo hivyo. Jibu ni kwamba sehemu moja yawezekana na nyingine haiwezekani.

Katika mengi ya magari hayo shokapu ya mbele imesimama katikati ya springi, vyote viwili vikiwa kitu kimoja. Muundo huo hubeba jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, aliyeubuni katika miaka ya 1940. Springi ile imekandamizwa kwa nguvu kubwa, na inashikiliwa na nati moja ya juu. Anayeifungua nati hiyo bila vibanio maalumu vya springi huachia chuma kirukacho kama risasi. Kimekwisha kuvunja taya na kuua watu. Waya na kamba si vibanio.

Kinachowezekana nyumbani ni kutia alama kwenye bolti za chini ili zirudi mahali pale pale, kukitoa kifaa chote kikiwa kizima, na kukipeleka karakana yenye mashine ya kukandamizia springi. Baada ya kukirudisha, magurudumu ya mbele yapimwe na kunyooshwa, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja.

Neno moja pia kwa wanaolishusha gari na kulifunga springi fupi na ngumu ili lionekane kuwa la mashindano. Gari la mashindano ya njia za vumbi hufanywa kinyume cha hayo: huinuliwa, na shokapu zake hupewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Gari lililoshushwa likiacha lami ya Buhongwa na kuingia njia ya mtaani, shokapu zake hugota mwisho kwa kila shimo, na hufa mapema.

WAJIBU WA BODI

Turudi kwa chama chetu cha mfano. Dereva ameripoti kwamba shokapu za nyuma zimevuja. Mjumbe mmoja anasema, "Ndugu Mwenyekiti, gari bado linatembea, tungoje msimu uishe." Maneno hayo yanaonekana kuwa ya mtu mwenye kuchunga fedha za wanachama. Kwa kweli ni ya kuzipoteza. Matairi yataliwa kwa vibonde, vifungio vya springi vitalegea, na gharama ya shokapu mbili itakuwa imezaa gharama nyingine nyingi. Hayo ni ya mali. Siku pikapu itakaposhuka na mzigo kuelekea lami, na mtoto akakatiza mbele yake, hapatakuwa na nafasi ya kungoja msimu uishe.

Kwa hiyo tunashauri haya. Matengenezo ya gari yawe na fungu lake katika makisio ya mwaka yanayopitishwa na mkutano mkuu, lisichukuliwe kwa mambo mengine. Dereva awe na daftari la gari, aandike kilomita na tarehe ya kila kifaa kilichobadilishwa, na Meneja alitie saini kila mwezi. Shokapu zikaguliwe kabla ya msimu na baada yake. Stendi na kabari ziingizwe katika daftari la mali ya chama, na vyama jirani viazimane kwa maandishi. Kazi ifanywe na watu wawili, mmoja akifanya na mwingine akitazama usalama.

Ushirika wetu katika kanda hii ulianza kwa wakulima waliotaka pamba yao ipimwe kwa haki. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Walichokitaka ni kwamba jasho la mkulima lisipotee njiani kati ya shamba na ghala. Gari la chama liko katika njia hiyo hiyo. Kulikagua, kulala chini yake kwa utaratibu na kukaza nati zake kwa kipimo ni kazi ya ushirika sawa na kusoma mizani kwa uaminifu.